Nani Alimtia Joka Tandiko?

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, nami nimeketi kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu, kile cha mabati chenye televisheni mbili na benchi moja. Mechi moja ya mpira ni mbao. Mimi sikuwa nacheza, nilikuwa nasubiri simu ipate chaji. Kando yangu mtoi wa kidato cha pili alikuwa ameinamia simu yake, anacheza gemu ya bure, zile ambazo kila baada ya dakika mbili zinakuomba ununue sarafu za dhahabu. Nikachungulia. Kwenye kioo palikuwa na mzee wa jicho moja, ndevu nyeupe, mkuki mkononi, amekaa juu ya joka mweusi mwenye mabawa kama hema la harusi.

"Huyo ni nani?"

"Odin, buda. Mungu wa Maviking."

"Na joka?"

Akaniangalia kama mtu aliyeuliza matatu ya Rongai inaenda wapi. "Ni wake. Ndiye hupanda. Si ni historia?"

Angesema ni gemu tu ningenyamaza. Gemu ina ruhusa ya kufanya inavyotaka. Lakini alisema historia, na mimi nina ugonjwa wangu: nikisikia neno hilo limewekwa mahali si pake, usingizi unakataa. Nilirudi nyumbani na ile picha kichwani, mzee na joka wake, na swali moja tu. Nani alimtia joka tandiko?

Wacha nianze na jambo ambalo halina ubishi. Katika maandishi yote ya kale ya Kaskazini yaliyotufikia, hakuna mungu anayepanda joka. Hayupo. Odin ana farasi, Sleipnir, mwenye miguu minane, na hadithi ya kuzaliwa kwa farasi huyo ni ya ajabu kuliko gemu yoyote niliyowahi kuona. Fundi mmoja alijitokeza kwa miungu akaahidi kuwajengea ukuta kwa majira ya baridi moja tu. Malipo aliyotaka: mungu wa kike Freyja awe mke wake, na juu yake jua na mwezi. Miungu wakakubali wakijua hatamaliza. Kumbe fundi ana farasi dume mwenye nguvu za kutisha, anavuta mawe usiku kucha, na siku tatu kabla ya majira kwisha ukuta unakaribia kumalizika. Wakamgeukia Loki, ambaye ndiye aliyewashauri, wakamwambia tengeneza hii maneno la sivyo utakufa. Loki akajigeuza farasi jike, akamvuta yule dume hadi msituni, kazi ikalala. Baada ya muda Loki akarudi na mtoto. Mtoto ndiye Sleipnir. Kwa hiyo kipando cha mfalme wa miungu kilizaliwa na Loki mwenyewe, na Loki hapo ni mama, si baba.

Thor naye ana gari linalovutwa na mabeberu wawili (mbuzi, si wakoloni). Akilala safarini anawachinja, anawala, anarudisha mifupa juu ya ngozi, na asubuhi anawabariki kwa nyundo yake, wanaamka. Siku moja alilala kwa mkulima, na kijana wa nyumba, Thjalfi, akapasua mfupa wa paja ili apate uboho. Asubuhi mbuzi mmoja akaamka anachechemea. Thor akakasirika hadi familia ikatetemeka, mwishowe akachukua yule kijana na dadake kuwa watumishi wake. Freyja anaendesha gari la paka wawili. Freyr ana nguruwe dume wa manyoya ya dhahabu, kazi ya vibeti wahunzi.

Tunajua haya kwa sababu mtu mmoja wa Iceland, Snorri Sturluson, alipoandika mazishi ya Baldr alituachia kitu kama daftari la askari wa geti: nani alikuja, na alikuja na nini. Odin na kunguru wake. Freyr na nguruwe. Heimdall na farasi wake. Freyja na paka. Hakuna joka kwenye hilo daftari. Lakini kuna nyoka, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Merikebu ya kumchoma Baldr ilikuwa kubwa mno, miungu wakashindwa kuisukuma majini. Wakatuma watu kwa majitu wamwite mwanamke mmoja, Hyrrokkin. Alifika amepanda mbwa mwitu, na hatamu zake zilikuwa nyoka wenye sumu. Alipotelemka, Odin aliita mashujaa wanne wamshikie yule mnyama. Wanne, na bado hawakuweza hadi walipomwangusha chini. Hyrrokkin akaisukuma merikebu mara moja tu, moto ukaruka kwenye magogo iliyokuwa imelazwa juu yake, nchi ikatikisika, na Thor akashikwa na wivu, sijui niite wivu ama aibu, akataka kumpasua kichwa. Miungu wengine wakamzuia.

Kusini mwa Uswidi kuna mawe ya kuchongwa ya Hunnestad, ya karibu mwaka 1000, na moja lina picha ya mtu juu ya mnyama mwenye meno, ameshika nyoka kama hatamu. Wengi wanaamini ni yeye. Mawe hayo yalikuwa 8, mengi yakapotea, na moja lililopotea lilifukuliwa 2020 na mafundi waliokuwa wakichimba mtaro wa majitaka. Kwa hiyo ukinibana uniulize ni nani katika hekaya hizo alikaribia zaidi kupanda joka, nitakuambia alikuwa mwanamke, alikuwa jitu, na miungu ndio waliomhitaji.

Sasa joka mwenyewe. Kwa lugha yao ya zamani mnyama huyu kwanza aliitwa ormr, yaani nyoka. Neno la pili, dreki, walilikopa kutoka Kilatini. Nilipogundua hilo nilifurahi kama mtoto, kwa sababu Kiswahili kimefanya jambo lilelile: tumechukua nyoka, tukamwongezea ukubwa, tukapata joka. Anayesoma hekaya hizi kwa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Mwingereza akisikia jina la mnyama huyu anaona mabawa, magamba na miguu minne. Sisi tunasikia nyoka mkubwa, na nyoka mkubwa ndiye waliyekuwa wakimwona wao.

Chukua Fafnir. Huyu hakuzaliwa joka. Babake alilipwa dhahabu nyingi kama fidia ya mwana aliyeuawa, Fafnir akamuua baba, akachukua dhahabu yote, akaenda kuilalia porini hadi akawa nyoka. Hana mabawa. Anatambaa kutoka kwenye dhahabu hadi kwenye maji, anakunywa, anatambaa kurudi. Ndiyo maana Sigurd aliweza kumuua kwa njia rahisi hivyo: alichimba shimo kwenye njia, akajificha ndani, tumbo lilipopita juu yake akachoma upanga. Halafu akachoma moyo wake motoni, akaungua kidole, akakitia mdomoni, na damu ya joka ilipogusa ulimi akaanza kuelewa lugha ya ndege. Ndege walikuwa wanasema mwenzake anapanga kumuua.

Hadithi hiyo imechongwa kwenye mwamba huko Ramsund, Uswidi, karibu mwaka 1030. Mwili wa joka ndio mstari wa maandishi: herufi zimepangwa ndani ya mgongo wake, na Sigurd yuko chini anauchoma. Na maandishi yenyewe hayahusu joka hata kidogo. Ni mwanamke mmoja, Sigrid, anasema amejenga daraja kwa ajili ya roho ya mtu wake aliyefariki. Daraja kwa ajili ya roho ni jambo la Kikristo. Mwanamke amebatizwa, anajenga daraja la kumwombea marehemu, na mapambo anayochagua ni hadithi ya joka ya babu zake. Baadaye makanisa ya mbao ya Norwei nayo yakachongwa Sigurd na joka kwenye milango.

Jormungandr ndiye nyoka aliyeizunguka dunia hadi akauma mkia wake. Thor alimvua samaki siku moja kwa chambo cha kichwa cha ng'ombe, akakanyaga kwa nguvu hadi miguu ikatoboa mtumbwi. Siku ya mwisho ya dunia watakutana tena: Thor atamuua, atapiga hatua tisa, ataanguka kwa sumu. Hao wawili hawawezi kuwa na uhusiano wa tandiko.

Na Nidhogg. Yuko chini ya mti mkuu, anatafuna mzizi. Kule kwenye ufuo wa maiti ananyonya miili ya waliokula kiapo cha uongo na wauaji. Shairi la Völuspá, linalosimulia dunia tangu mwanzo hadi mwisho, linafunga na yeye: dunia mpya imeota, kijani, halafu kwa mbali anakuja joka mweusi akiruka, na kwenye mabawa yake amebeba maiti. Nilisoma hapo mara tatu. Huyu ana mabawa, anaruka, na ana abiria. Abiria wake ni wafu.

Lakini kusema Waviking hawakupanda majoka si kweli kabisa. Walipanda, ila majoka hayo yalikuwa ya mbao.

Merikebu za vita za wakubwa ziliitwa dreki, kwa sababu ya vichwa vilivyochongwa mbele. Ya mfalme Olaf Tryggvason wa Norwei iliitwa Nyoka Mrefu, na Snorri anasema ilikuwa na nafasi za jozi 34 za makasia. Olaf aliipoteza vitani Svolder mwaka 1000, na inasimuliwa kwamba alipoona mambo yameisha aliruka baharini. Ile ya Oseberg, iliyofukuliwa Norwei 1904, ilizikwa mwaka 834 ikiwa na wanawake wawili ndani. Mbele yake inapanda juu na kujikunja kama nyoka aliyelala. Na kuna sheria ya kale ya Iceland ninayoipenda sana: merikebu ikikaribia nchi, vichwa vya joka vilivyo wazi mdomo lazima viondolewe kabla ufuo haujaonekana, ili visitishe roho walinzi wa nchi. Yaani hata wao walijua joka si mnyama wa kuingia naye nyumbani.

Wenye kutembelewa na merikebu hizo walielewa hivyohivyo. Waingereza walioandika tarehe za mwaka 793, mwaka ambao monasteri ya Lindisfarne ilishambuliwa, waliandika kwamba kabla ya hapo majoka ya moto yalionekana yakiruka angani.

Hapa gemu nyingi zinaruka ukurasa. Merikebu hizo hazikubeba mashujaa tu. Zilibeba watu waliofungwa. Dublin, mji uliokuzwa na Waviking, ulikuwa soko kubwa la watumwa. Wengine walipelekwa mashariki kwa mito ya Urusi, wakauzwa pamoja na manyoya, na malipo yakawa fedha ya Waislamu. Kisiwani Gotland mwaka 1999 ilipatikana akiba moja ya fedha iliyozikwa karibu mwaka 870: zaidi ya sarafu 14,000, karibu zote dirhamu. Mjumbe wa khalifa wa Baghdad, Ibn Fadlan, alikutana na watu hawa kwenye mto Volga mwaka 922, akaona mazishi ya mkuu wao. Msichana mtumwa aliuawa na kuchomwa pamoja na merikebu. Ameandika yote, hatua kwa hatua, na ukishamsoma huwezi tena kuangalia mazishi ya kupendeza ya kwenye sinema kwa macho yaleyale.

Na angalia mwaka huo 870. Wakati mtu wa Gotland anafukia dirhamu zake ardhini, kusini mwa Iraki watumwa walikuwa wameasi, vita vilivyodumu kuanzia 869 hadi 883. Waliitwa Zanj, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani hii yetu. Mfumo mmoja wa fedha, ncha moja inagusa watu waliotekwa Ireland, ncha nyingine inagusa watu waliovushwa Bahari ya Hindi. Hakuna mtu aliyetufundisha hilo shuleni, na sidhani watoto wa Norwei nao walifundishwa.

Turudi kwa Snorri, kwa sababu bila yeye hatuna karibu chochote. Iceland iliingia Ukristo mwaka 1000 kwa uamuzi wa baraza. Mabishano yalikuwa makali, wakamwachia msema sheria Thorgeir, ambaye hakuwa Mkristo. Akajifunika joho akalala humo mchana na usiku, akatoka na jibu: wote wabatizwe, ila kwa sasa anayetaka kutoa sadaka ya zamani kwa siri, atoe, na nyama ya farasi iliwe. Suluhu ya wanasiasa kabisa. Snorri alizaliwa 1179, karibu miaka 180 baadaye. Alikuwa Mkristo, tajiri, mwanasheria, mwanasiasa asiyeaminika sana. Kitabu chake, Edda, alikiandika karibu 1220, na hakukiandika kuhifadhi dini. Alikiandika kwa sababu vijana washairi hawakuelewa tena mafumbo ya zamani. Mshairi akisema "kitanda cha Fafnir" anamaanisha dhahabu, na usipojua Fafnir alilalia nini umepotea. Ni mwongozo wa mitihani, kwa lugha yetu. Mwaka 1241 watu waliotumwa kwa idhini ya mfalme wa Norwei walimkuta amejificha ghalani chini ya nyumba yake, wakamuua humo.

Chanzo kingine kikubwa ni kitabu kidogo cha ngozi cha karibu 1270, hakuna ajuaye nani alikiandika. Kilijitokeza 1643 mikononi mwa askofu Brynjolf Sveinsson, na 1662 akakipeleka zawadi kwa mfalme wa Denmaki, maana Iceland ilikuwa chini ya Denmaki. Kikakaa Copenhagen zaidi ya miaka 300. Kilirudishwa Aprili 1971 kwa meli ya kijeshi, na umati ulijaa bandarini Reykjavik kupokea kitabu. Kurasa 16 hazimo, zilichanwa au zilidondoka, na zilizopotea ziko katikati kabisa ya mashairi ya Sigurd. Yule muuaji wa joka ana tundu kwenye hadithi yake.

Kwa hiyo tukisema "hekaya za Norse", tunasema habari ambazo Wakristo waliandika, karne mbili baada ya dini yenyewe kuzimwa, zikiwa na kurasa zilizopotea. Nafasi ni nyingi. Na kwenye nafasi, watu hujaza.

Tandiko lilitoka wapi basi? Kwa kadiri ninavyoweza kufuata, lilitoka mbali. Wagiriki walikuwa na Medea anayetoroka kwa gari linalovutwa na majoka, na Triptolemos aliyepewa gari la namna hiyo asambaze mbegu za ngano. Uchina ndiko mtu hukaa juu ya joka mwenyewe. Mwanahistoria Sima Qian, karibu miaka 100 kabla ya Kristo, anasimulia jinsi Mfalme wa Manjano alivyochukuliwa mbinguni: joka alishuka, mfalme akapanda, wakapanda na watu wake zaidi ya 70. Maofisa wadogo hawakupata nafasi, wakaning'inia kwenye masharubu ya joka. Masharubu yakang'oka, wakaanguka. Mtu yeyote aliyewahi kuning'inia mlangoni mwa matatu saa kumi na moja jioni anaijua hadithi hii.

Ulaya ya karne ya 19 ilimrudisha Fafnir kwa kishindo. William Morris na Eiríkur Magnússon walitafsiri hadithi ya Wavolsung 1870, Wagner akampandisha joka jukwaani Bayreuth 1876. Tolkien, aliyempenda Fafnir tangu utotoni, akamwandika Smaug 1937: joka anayelalia dhahabu, anayeongea kwa hila, na anayekufa kwa kuchomwa upande wa chini. Smaug ni mjukuu wa Fafnir aliyepewa mabawa. Bado hana dereva. Dereva anakuja 1967 na 1968, Anne McCaffrey alipoandika sayari ya Pern ambako joka akitoka kwenye yai anachagua binadamu wake na wanaunganishwa maisha. Hadithi ya kwanza ya Pern ilimfanya mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Hugo kwa kazi ya kubuni. Kuanzia hapo ni mteremko: Dungeons & Dragons 1974, vitabu vya Dragonlance 1984, halafu Sega wakatoa Panzer Dragoon 1995, ambapo kwa mara ya kwanza wengi walishika kontrola wakaruka na joka wao wenyewe. Skyrim ya 2011 ikavisha kitu hicho nguo za Kaskazini, theluji, ngozi na majina ya kigumu. Hapo ndipo mtoi wa mtaani kwetu alipoipokea ikiwa nzima, kana kwamba ilizaliwa hivyo.

Lakini niseme haki. Watengenezaji wa God of War hawakuweka tandiko. Kwenye ile ya 2018, Fafnir na nduguze wawili ni majoka waliofungwa minyororo, unawafungua wanaenda zao. Jormungandr anaongea lugha ambayo karibu hakuna anayeielewa. Kwenye Ragnarök ya 2022, Nidhogg analinda mizizi hadi afe. Mambo mengi wamebuni, ila wamelielewa joka: si gari.

Na hiyo gemu ya 2022 ndiyo iliyonifanya niandike haya badala ya kulala. Kabla haijatoka, trela ilionyesha Angrboda, msichana wa kabila la majitu, naye alikuwa mweusi. Mtandaoni kukawaka. Watu walilia historia. Mwaka 2011 ilikuwa hivyohivyo Idris Elba alipocheza Heimdall kwenye Thor. Nilisoma maoni hayo mengi kuliko inavyofaa kwa afya. Mtu analalamika kwamba msichana si wa kweli, na picha yake ya utambulisho ni Odin juu ya joka.

Hebu tuangalie Angrboda wa kwenye vitabu. Snorri anamtaja kama jitu la kike la Jotunheim, aliyezaa na Loki watoto watatu: mbwa mwitu Fenrir, Hel mlinzi wa wafu, na Jormungandr. Basi. Sura yake haisemwi. Rangi yake haisemwi. Tunajua ni mama wa nyoka. Joka na tandiko ni kitu ambacho vyanzo vyote vinakikana, na hakuna aliyepiga kelele. Msichana mweusi aliingizwa mahali ambapo vyanzo havisemi chochote, na watu wakakimbilia vyanzo ambavyo hawajavisoma. Walichokuwa wanalinda si Snorri. Miaka ya 1930 Wanazi nao walichukua runi za watu hawa wakazishona kwenye kola za SS, wakitaka Kaskazini safi ambayo hata dirhamu za Gotland zingewacheka.

Wiki iliyofuata nilimkuta mtoi palepale, benchi lilelile. Nikamwambia habari za Sleipnir, akacheka hadi akaangusha simu. "Loki ndiye mama? Aje sasa?" Nikampa Hyrrokkin na hatamu zake za nyoka, akaniuliza kama yuko kwenye gemu yoyote. Halafu nikampa Nidhogg, joka pekee mwenye abiria, anavyoruka na maiti mabawani wakati dunia mpya imeshaota.

Akanyamaza kidogo. Kwenye simu yake mzee wa jicho moja alikuwa bado juu ya joka, anasubiri mtu anunue sarafu.

"Sasa hao wafu anawapeleka wapi, buda?"

Nikamwambia shairi linaishia hapo.

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Akatoa mbao mfukoni, akampa mwenye kibanda, akashika kontrola.